Nani Alirefusha Kenchi Zangu?

"Mama Loveth, hilo jina ni lako au si lako?"

Mzee Abeli, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alinishikisha karatasi iliyokuja na kenchi, mbele ya wazazi wote.

Lilikuwa langu. Jina langu, namba yangu ya simu, mchoro wangu wa kenchi za chuma za kubeba paa la darasa la chekechea.

Ila kipimo cha upana hakikuwa changu.

Mimi nilichora milimita 6000. Mita sita kamili. Karatasi ile ilisema 6096...

Nikainua macho. Kenchi ya kwanza ilikaa juu ya kuta kama kofia ya kuazima. Bolti tulizozamisha kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, ziko huku, matundu ya kenchi yako kule. Tofauti, upana wa kiganja.

Nyingine tano zilikuwa chini kwenye majani, zimeshachomelewa hivyo hivyo.

Ndugu msomaji, mimi nina diploma ya ujenzi. Nachora ramani hapa Kilosa mwaka wa tisa huu. Sijawahi kukosea upana wa jengo.

"Mzee, hii namba sijaiandika mimi."

"Jina la nani hapo chini?"

"Langu."

"Basi."

Domina, jirani yangu kabisa, akadakia: "Si nilisema tumpe Lupakisyo? Yule anachora kwa penseli. Penseli haina virusi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mzee Abeli akanipa mpaka kesho yake saa kumi jioni. Nisipokuwa na maelezo, mchoro wa vyoo na ofisi anapewa Lupakisyo. Na mjini kwetu, fundi akishaambiwa amekosea mita, nani atampa tena kiwanja chake?

Baada yangu, mchoro ule ulipita mkono mmoja tu. Mkono wa Evance, fundi wa Mikumi mwenye mashine ya kukata chuma kwa kompyuta. Nilimtumia faili kwa WhatsApp. Evance niliyemchukulia kama mdogo wangu...

Asubuhi nikapanda basi la kwanza. Njia nzima napanga maneno, na hayakuwa mazuri.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Washa kompyuta."

"Hata maji hunywi?"

"Washa kompyuta, Evance. Kwa nini ulibadilisha mchoro wangu?"

"Sikuubadilisha. Niliupunguza."

"Uliupunguza ukarefuka?"

Akafungua faili nililomtumia. Akapima upana, ukuta hadi ukuta. Ikaja 152,400.

"Mita mia moja hamsini na mbili, dada. Hilo ni darasa au stesheni ya treni?"

Nikakaa.

Programu yangu iliandika namba tupu. Kwenye faili sikuwa nimeweka kwamba ni milimita. Programu ya Evance ikikuta namba tupu inazihesabu kuwa inchi. Milimita elfu sita zangu zikawa inchi elfu sita.

"Nikajua ni mambo ya inchi," alisema, "nikagawa kwa ishirini na tano."

"Kwa nini ishirini na tano?"

"Inchi moja si sentimita mbili na nusu? Ndivyo rula ya shule inavyoonyesha."

"Ni milimita ishirini na tano nukta nne, Evance."

"Nukta nne, dada. Hiyo ni ukucha."

"Kwenye upana ule zimo inchi mia mbili na arobaini. Kucha mia mbili na arobaini ndizo zimekaa juu ya ukuta wangu."

Akachukua rula mezani, akaitazama.

"Ulipoona stesheni ya treni, kwa nini hukuniuliza?"

Akachukua simu, akarudi nyuma wiki tatu, akanionyesha.

Ujumbe wake: "Dada, mchoro umefunguka mkubwa mno. Upana halisi ni mita ngapi?"

Chini yake, sauti yangu. Akaibonyeza.

"Evance, wewe ni fundi au mwanafunzi? Mchoro unajieleza. Nina watoto wa kulisha hapa, usinisumbue."

Aliniuliza swali moja. Jibu lake lilikuwa neno moja. Sita...

"Dada," alisema taratibu, "waambie ni mimi. Mimi ni wa Mikumi, kesho sipo kwao. Wewe unaishi nao."

Nawaambia ukweli, nililifikiria hilo njia nzima ya kurudi, yeye kakaa kando yangu, mashine yake ya kuchomelea miguuni.

Saa kumi kamati ilikuwa imekaa. Domina alikuwa mbele.

Nikaeleza habari ya inchi, nikaweka simu mezani, nikaicheza sauti yangu yote. Usinisumbue, mpaka mwisho.

Mzee Abeli akauliza, "Kwa hiyo aliuliza?"

"Aliuliza."

"Na zinatengenezeka?"

Evance akasimama. "Vile vibati vya kukalia bolti nitavikata, nivisogeze ndani kila upande. Siku mbili, mzee."

Wewe unayechora, weka kipimo ndani ya faili, na uandike kwa maneno: upana mita sita. Wewe unayepokea, pima kitu unachokijua kabla ya kukata. Mlango wa kawaida haufiki mita ishirini. Na swali la fundi si usumbufu, hata kama sufuria iko jikoni.

Mchoro wa vyoo je?

Mzee Abeli alikunja karatasi yake, akanitazama.

"Utachora wewe. Ila Evance akipiga, pokea."