Jiwe la Nyota ya Riziki

Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya vilima vya Rumonge, Asiya na Riziki waliteremka ziwani na mitungi yao. Waliteka maji, wakayapeleka nyumbani, kisha wakarudi kuanika ndagala, dagaa wa ziwa lile, kwenye mchanga na kuwafukuza kunguru. Asiya ndiye aliyeongea njia nzima. Riziki alisikiliza. Asiya alikuwa na miaka kumi na miwili. Umri wa Riziki hakuna aliyeujua, lakini kwa kuwa alimzidi Asiya kimo kidogo tu, watu walisema wamelingana.

Zilikuwa siku za utawala wa Wadachi, yaani Wajerumani. Boma lao lilikuwa mbali, Usumbura, na walikuwa wamepiga marufuku kuuza watu sokoni. Lakini aliyekwisha kununuliwa zamani, nani angemrudisha kwao? Na kwao ni wapi? Riziki alikuwa mmoja wa hao. Aliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa akiwa mtoto mdogo, hajui hata kutamka jina lake, na babu yake Asiya akamtwaa kwa doti mbili za nguo. Jina la Riziki alipewa katika nyumba ile. Sasa babu alikuwa amekufa, na bibi pia. Riziki alibaki, akiteka maji, akitwanga, akilala mkeka mmoja na Asiya.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia kwisha, mfanyabiashara mmoja aitwaye Shafii alifika kutoka Ujiji na kisanduku cha bangili za mawe. Mwanahamisi, mama yake Asiya, ambaye mumewe alikuwa safarini Ujiji, akasema, "Idi hii kila mmoja atapata bangili. Si Asiya peke yake. Wote wawili."

Riziki aliweka mchi chini. "Hata mimi, Bi Mwanahamisi?"

"Nimesema wote wawili. Au unataka niseme kwa Kiarabu?"

Siku hizo watu wa pwani ile hawakuchagua bangili kwa kupenda rangi. Kila mtu alikuwa na nyota yake, na kila nyota na jiwe lake. Ili kuijua nyota, maalimu alizihesabu herufi za jina lako pamoja na herufi za jina la mama yako. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa Shafii, Mwanahamisi aliwapeleka wasichana kwa Maalimu Radjabu, aliyefundisha Kurani chuoni. Wanafunzi wake walikuwa wamekaa barazani na mbao zao za kuandikia.

"Asiya binti Mwanahamisi," alisema Maalimu, akiandika kwa kidole kwenye mchanga. "Nyota yake Ndoo. Jiwe lake feruzi." Akaufuta mchanga. "Na wewe? Jina la mama?"

Riziki alimtazama Asiya.

"Jina la mama yako, binti. Au wewe ulianguliwa na bata?"

Wanafunzi wakacheka. Mmoja akasema, "Maalimu, huyo mama yake ni doti mbili!" Wakacheka zaidi.

"Basi," alisema Maalimu. "Hakuna mama, hakuna nyota. Mnunulieni ushanga wowote, hata wa kioo. Kwake yote sawa."

Mwanahamisi alikuwa barabarani, akisalimiana na jirani, hakuyasikia maneno hayo. Asiya ndiye aliyeyasikia. Moyo wake ukamuuma. Akasema kwa haraka, kama mtu anayemzuia mtoto asianguke, "Mama yake anaitwa Mwayuma!"

Riziki akageuka. "Nini?"

"Mwayuma. Marehemu bibi aliniambia kabla hajafa. Nilisahau tu kukuambia."

Marehemu bibi hakuwahi kusema neno hilo. Mwayuma lilikuwa jina la mwanamke mmoja aliyewauzia mihogo sokoni wiki ile, na Riziki alimbebea kikapu bila kulijua jina lake. Ndilo jina la kwanza lililomjia Asiya mdomoni.

Maalimu akahesabu tena. "Nyota yake Nge. Jiwe lake akiki."

Kwa Shafii, Asiya alichagua bangili ya feruzi, mawe madogo ya rangi ya maji ya kina. Riziki alichagua kwa muda mrefu sana, ingawa bangili za akiki zilikuwa tatu tu. Alizishika moja moja, akaziinua kwenye mwanga, akazirudisha. Mwishoni akachukua ile yenye mawe mekundu zaidi.

"Hiyo ina jiwe lenye ufa," Shafii alimwambia kwa uaminifu. "Chukua hii nyingine, mwanangu."

"Hapana, Bwana. Naitaka hii. Ndiyo mama angeipenda."

Asiya alimsikia, akatabasamu. Aliona amefanya jambo jema.

Tangu siku ile Riziki alibadilika. Alitwanga huku akiimba. Njiani kwenda ziwani sasa yeye ndiye aliyeongea, na maneno yake yote yalikuwa ya Mwayuma.

"Bibi alisema nini kingine? Mama alikuwa mrefu?"

"Mrefu, ndiyo," alisema Asiya.

"Kama mimi! Na meno?"

"Ana mwanya."

Riziki alipitisha ulimi kwenye meno yake, akasikitika kwamba yeye hana mwanya. Kisha akasema, "Lete mtungi wako. Nitakubebea. Wewe tembea tu unisimulie."

Asiya akampa mtungi. Kesho yake akampa tena. Kila siku aliongeza kidogo: kwamba Mwayuma alijua kusuka mikeka, kwamba alilia sana siku ile mwanawe aliponyakuliwa. Haikuwa kazi ngumu. Riziki alifagia ua peke yake, akaanika ndagala peke yake, naye Asiya alikaa kivulini akigeuzageuza bangili yake ya feruzi. Wanangu, uongo una tabia hiyo. Mwanzo huutungi kwa ajili ya faida, lakini faida ikija huirudishi.

Jambo ambalo Asiya hakulijua ni kwamba Riziki alikuwa akiuliza. Kila mtumbwi uliotoka ng'ambo, alikwenda kwa wapiga makasia. "Amahoro, wajomba. Mnamjua Mwayuma? Mama mrefu, ana mwanya. Alipotelewa na mtoto." Wengi walitikisa kichwa. Wengine walimwambia aende akaoshe vyombo.

Siku moja ya soko, asubuhi, Asiya alimkuta Riziki chumbani anafunga vitu vyake katika kifurushi.

"Unakwenda wapi?"

Riziki alifunga mlango. Macho yake yaling'aa. "Nakwambia wewe tu, kwa sababu wewe ndiye uliyenipa mama. Amepatikana! Kuna mtu anaitwa Kassimu, ana mtumbwi. Nilipomwambia mwanya, akaniambia, 'Mwayuma? Mimi najua yeye sana. Iko Ubwari, ng'ambo. Iko analia kila siku juu ya mutoto wake.' Amesema nije leo, watu wakiwa wamejaa sokoni, nisimwambie mtu. Atanivusha bure."

Kila mtoto wa Rumonge alikuwa ameambiwa habari za watu kama huyo. Soko la watu lilikuwa limefungwa, lakini walioliendesha hawakuwa wamekufa. Na Asiya alijua jambo moja ambalo Riziki hakulijua: Mwayuma mwenye mwanya hayuko Ubwari, wala hayuko popote.

Hapo angesema kweli. Hakusema. Alijaribu kuziba uongo kwa uongo mwingine.

"Usiende. Nilisahau kukuambia. Bibi alisema mama yako alikwisha kufa."

Riziki aliachia fundo la kifurushi. "Jana alikuwa anasuka mikeka. Leo amekufa?"

"Kweli, Riziki, naapa..."

"Unaona wivu," alisema Riziki polepole. "Unaogopa nikienda nani atakubebea mtungi. Nilidhani wewe ni dada yangu." Akachukua kifurushi chake, akatoka kwa mlango wa mbele.

Asiya alisimama pale mpaka nyayo za Riziki zilipopotea. Kisha akakimbilia uani, ambako mama yake alikuwa akichuja mawese.

"Mama! Riziki anachukuliwa! Yuko ziwani, kuna mtu wa Ubwari anamvusha!"

"Kwa nini akubali kuvushwa na mtu asiyemjua?"

Asiya alitaka kusema hajui. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni. Lakini aliiona kanga ya Riziki iliyobaki kwenye kamba, akasema, "Kwa sababu yangu. Nilimdanganya. Nilimtungia mama."

Mwanahamisi hakuuliza tena. Alitoka na mikono iliyojaa mafuta, akikimbia na kuwaita wavuvi kwa majina yao.

Asiya alikuwa mwepesi zaidi, akafika kwanza. Mtumbwi ulikuwa umeshaingia majini, na Riziki alikuwa amekaa mbele, kifurushi mapajani. Kassimu alikuwa mtu mfupi mwenye uso wa upole, alisimama majini akiusukuma.

"Riziki, shuka!" alipiga kelele Asiya. "Hakuna Mwayuma! Nimemtunga mimi!"

Kassimu akacheka. "Usimusikilize. Huyu anataka mutumishi wake tu."

"Mwayuma ni yule mama wa mihogo! Yule wa sokoni, uliyembebea kikapu! Nilichukua jina lake kwa sababu Maalimu alikucheka. Bibi hakuniambia kitu. Mwanya niliusema mimi. Mikeka niliisema mimi. Yote ni mimi, Riziki!"

Riziki aligeuka akamtazama Kassimu. "Bwana," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mama yangu ana mkono gani uliokatika?"

"Wa kushoto," alijibu Kassimu bila kusita. "Masikini, wa kushoto. Kaa vizuri sasa, tunaondoka."

Hakuna aliyekuwa amewahi kusema habari za mkono. Riziki alijitupa majini. Kassimu alimdaka kanga, lakini wavuvi watatu walikwisha kufika, na mmoja alikuwa ameinua kasia kumpiga. Kassimu akaiachia kanga, akarukia mtumbwi, akapiga makasia kama mwizi, maana ndivyo alivyokuwa. Wavuvi walimtukana mpaka alipokuwa mbali, lakini hakuna aliyemfuata.

Riziki alisimama, maji yakimfika kiunoni. Hakulia. Alitazama upande wa ng'ambo, kwenye milima ya Ubwari, mpaka Mwanahamisi alipoingia majini akamshika mkono na kumtoa.

Alasiri ile Mwanahamisi aliwachukua wasichana wote wawili mpaka kwa Maalimu Radjabu. Safari hii hakubaki barabarani.

"Maalimu," alisema, "mtu asiyejua jina la mama yake, kweli hana nyota?"

Maalimu alijikuna ndevu. "Anayo. Wazee wetu walisema asiyejulikana mama yake ahesabiwe kwa jina la Hawa, mama wa watu wote."

"Na kwa nini hukusema siku ile?"

"Kwa mtumwa, Bi Mwanahamisi? Sikuona haja."

Mwanahamisi alimeza maneno ambayo si ya kumwambia maalimu mbele ya watoto. "Basi mhesabie sasa."

Maalimu aliinama juu ya mchanga, lakini Riziki aliweka kiganja chake pale alipotaka kuandika.

"Acha, Maalimu," alisema. "Hawa ni wa wote. Mimi nilitaka wangu."

Akaondoka peke yake. Asiya alimfuata mpaka nyumbani, akapiga magoti mbele yake jikoni. "Nisamehe, Riziki. Nilikuhurumia tu. Sikutaka ucheke... sikutaka uchekwe."

Riziki alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha. "Ungenihurumia siku moja," alisema, "ningekushukuru mpaka leo. Siku zile nyingine ulikuwa unapumzika." Usiku ulipoingia, alichukua mkeka mwingine akaenda kulala chumba cha Mwanahamisi.

Asubuhi iliyofuata Asiya aliamka akamkuta Riziki amekwisha kwenda ziwani. Mama yake alikuwa mlangoni.

"Mama, ameokoka," alisema Asiya. "Nilisema kweli, akaokoka. Kwa nini basi mambo hayajawa sawa?"

"Kaa," alisema Mwanahamisi. "Mimi pia nina kosa langu. Miaka yote hii mtoto huyu amekula katika nyumba yangu, sikuwahi kuwauliza waliomleta walimtoa kijiji gani. Pengine wakati ule kulikuwa bado na mtu anayejua. Sasa hayupo. Kosa hilo nitaulizwa mimi, si wewe. Baba yako akirudi kutoka Ujiji, tutakwenda naye bomani, Riziki aandikwe kwamba si mtu wa mtu. Hilo ninaweza kulifanya. Kumrudishia mama siwezi."

Asiya alilia.

"Sikiliza mwanangu. Kabla ya Idi, Riziki alikuwa mtoto asiye na jina la mama. Lilikuwa jambo la kuumiza, lakini alikuwa amelizoea. Wewe ukampa mama, ukampa na urefu, ukampa na mwanya, halafu ukamnyang'anya mbele ya wavuvi. Jana Riziki amefiwa. Kusema kweli kulimtoa kwenye mtumbwi, na ni vizuri ulisema. Lakini kweli ikichelewa, huokoa kilichobaki tu. Ukimhurumia mtu, mpe ulicho nacho. Siku ile ungeweza kumshika mkono ukawaambia wale watoto wanyamaze, basi. Usimpe mtu kitu usichokuwa nacho, kwa sababu siku moja itakulazimu umpokonye."

"Atanisamehe lini?"

"Hilo si langu kulijibu, wala si lako kulidai."

Asiya alifuta uso kwa upande wa kanga. Akachukua mtungi wake mwenyewe, akateremka ziwani. Njiani alikutana na Riziki anapanda na mtungi kichwani. Asiya akasimama kando ili ampishe. Riziki akapita.