Dirisha la Nyuma

Jumamosi ile niliamka kama Jumamosi zote. Nilifua, nikaanika, nikamwambia mwanangu wa mwisho mara tatu kwamba viatu havijifungi vyenyewe, kisha nikachukua funguo nipeleke gari kwa fundi wa nne. Binti wa dada yangu akasema tutakwenda sote. Ana miaka kumi na minne, na anaishi kwangu tangu tumzike mama yake, miezi mitatu sasa. Aliketi kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Nilitaka kumwambia aje mbele. Nikawasha gari.

Ubovu wa gari ulikuwa hivi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, liliwaka mara moja na kwenda popote. Lakini ukilizima likiwa la moto, ukakaa dakika kumi hivi na kuliwasha tena, lilinguruma sekunde tano au sita, likazima. Ukirudia, ni yale yale. Likishapoa kabisa, halina neno. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alibadilisha pampu ya mafuta. Wa tatu alinitazama kama mtu anayetaka kunishauri nikaombewe, akaona haya.

Wa nne tunamwita Taratibu, kwa sababu hata akishika chuma cha moto huutoa mkono pole pole. Yeye hafungui boneti kabla hajaandika. Ana daftari la mistari kama la mwanafunzi, na mwenye gari hukalishwa mbele yake juu ya ndoo iliyofunikwa ubao, akaulizwa maswali. Nilimwambia gari si ndilo hilo hapo, alitazame. Akajibu kwamba gari atalisikiliza baadaye, kwanza mimi.

"Siku ya kwanza," akasema, "lilizima lenyewe likitembea, au ulilizima wewe?"

Binti alikuwa ameshuka kwa mlango wa kulia, amesimama nyuma yangu.

"Lilizima lenyewe," nikasema. "Barabarani, nampeleka dada hospitali."

Ndivyo nilivyomwambia mume wangu. Ndivyo nilivyowaambia watu msibani, na ndivyo binti alivyojua: mama yake alibanwa na pumu, gari likafa njiani, tukachelewa. Uongo uliousema mbele ya umati wa watu wanaolia huwezi kuurudisha kama sufuria iliyotoboka. Taratibu akaandika nilichosema, kwa mwandiko mzuri, akapiga mstari chini yake.

Basi akaanza kutafuta ugonjwa wa gari linalozima likitembea. Alituendesha nusu saa, mimi mbele, binti nyuma. Halikuzima. Aliunganisha mashine yake ya kusomea hitilafu. Haikusoma kitu. Akakuna kichwa, akasema historia na mgonjwa havifanani.

Nikatazama kucha zangu.

Tuliporudi gereji alilizima, akaanza kuhesabu dakika kwa saa ya mkononi. Jirani yake alikuwa anasaga chuma, vumbi jingi, kwa hiyo vioo vyote vilikuwa juu. Binti alibaki nyuma na kitabu chake. Dakika kumi na mbili. Taratibu akawasha. Likanguruma. Likazima.

Akanieleza kwamba chini ya injini kuna sensa, kifaa kidogo cha kusoma mzunguko wa krenki, yaani mhimili wa injini, na kwamba ikipata joto huweza kulala. Dawa ya kuitambua ni kuimwagia maji baridi. Injini ikikubali, mwizi amepatikana. Akamwaga kopo zima. Akawasha. Likazima.

Akainua pua.

"Nani kapaka dawa ya kuchua kifua?"

Hakuna aliyepaka. Lakini na mimi niliisikia, ile ya kopo dogo la kijani, kali mpaka machozi. Dada aliipaka asubuhi ile aliyobanwa. Nilikuwa nimeosha viti mara mbili kwa sabuni ya unga.

Taratibu alibonyeza swichi, dirisha la nyuma la kushoto likashuka, harufu itoke. Kisha, kwa mazoea tu, akageuza ufunguo.

Injini ikawaka. Ikatulia. Dakika moja. Mbili.

Akapandisha kioo. Ikazima.

Akakishusha, akawasha. Ikawaka.

Alifanya hivyo mara sita, kila mara anaandika. Alijaribu madirisha mengine matatu, hayakuleta tofauti. Mara ya saba kalamu ilibaki hewani.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "miaka ishirini na sita nafanya kazi hii. Sijawahi kuona injini inayotaka dirisha."

Nyuma yangu nilisikia kitasa kikivutwa. Kikavutwa tena.

"Mama mdogo," binti akasema, "mlango huu haufunguki kwa ndani."

Nilijua. Niliufunga kwa kile kifuli cha watoto mwaka jana, mwanangu wa mwisho alipojaribu kushuka gari likitembea. Ukishakiweka unakisahau.

"Na mama alikaa hapa?"

Injini ilikuwa inanguruma taratibu. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, watu wanapita na mizigo yao. Kwenye kioo cha juu, kile cha kutazamia nyuma, nilimwona binti. Pembeni yake kiti kilikuwa kimebonyea, kama kilichokaliwa.

Nikasema. Sikugeuka, nilisema nikitazama mbele.

Niliwaambia kwamba halikuzima lenyewe. Nililizima mimi, nje ya duka la fundi cherehani, kwa sababu sare za watoto zilikuwa tayari na lilikuwa linafungwa saa sita. Dada alikuwa amejilaza nyuma, kichwa upande wa mlango huo wa kushoto, hana nguvu ya kuinuka. Madirisha nilikuwa nimeyafunga mwenyewe, vumbi lisimzidishie pumu, na feni ilikuwa inampulizia. Alininong'oneza, "Usilizime. Nataka hewa." Nikamwambia dakika mbili tu. Nikachomoa ufunguo kwa mazoea, nikaenda nao. Bila ufunguo feni haizunguki. Kioo hakishuki. Na mlango ule niliusahau.

Foleni ilikuwa ya watu wanne. Nilikaa dakika kumi na mbili. Niliporudi nilikuta ameinama, mkono uko kwenye kitasa. Nikawasha. Likazima. Nikawasha. Likazima.

Msaga chuma alikuwa ameacha kusaga.

"Aligonga?" binti akauliza.

"Sijui. Kulikuwa na cherehani nyingi."

Taratibu akalifungua daftari ukurasa ule, akakata mstari wake wa kwanza na kuandika juu yake: Alilizima mwenyewe. Kisha akashuka, akamfungulia binti mlango kwa nje, na kwa bisibisi akakisukuma kile kifuli upande wa pili. Akapandisha vioo vyote vinne. Akawasha.

Injini ikawaka, ikakaa. Tulisimama pale robo saa nzima tukiisikiliza. Haikuzima, na haijazima tena tangu siku ile. Taratibu hakubadilisha kifaa hata kimoja.

Binti bado anaishi kwangu. Kwa wiki mbili hakuniita kwa jina lolote, alisema tu "samahani" akitaka kupita. Siku hizi hukaa mbele. Mume wangu nilimwambia usiku ule ule, na shangazi zake binti wanajua, na mmoja wao hapokei simu yangu. Ni haki yake.

Limebaki jambo moja. Nikiegesha gari likiwa la moto, nikalizima, nikachomoa ufunguo na kushuka, nikifika hatua nne au tano husikia mlio wa mota nyuma yangu. Ufunguo ninao mkononi. Nikigeuka, dirisha la nyuma la kushoto limeshuka upana wa kiganja, na kwenye ukingo wa kioo, kwa ndani, kuna michirizi minne ya mafuta yenye harufu kali. Huifuta kwa sabuni. Hurudi.

Taratibu alisema anaweza kukata waya wa dirisha lile, kazi ya dakika tano.

Nilimwambia auache.