Maiti Aliyetiwa Maneno

Kazi ya Kasuku ilikuwa kuwasemea watu asiowajua. Alitia sauti ya Kiswahili kwenye filamu za kigeni, peke yake: mwanamke yeye, mtoto yeye, hata mbwa akibweka ni yeye. Kazi hiyo aliifanyia kwenye kijichumba cha uani, kuta zote kazipanga magodoro ili kelele za mtaa zisiingie. Feni hakuwasha, maana feni nayo husikika. Alikaa kifua wazi mbele ya kipaza sauti, jasho likimchuruzika, na maisha yakaenda.

Mwaka ule watu walipagawa na filamu za upelelezi za Skandinavia. Kisa? Waulize wenyewe. Huko jua halitoki, hakuna anayecheka, kila mwenye nyumba nzuri ana maiti kisimani, na mpelelezi mwenyewe kaachwa na mke na usingizi hana. Lakini zilikwenda kama maji. Kasoro yake moja: wale watu hawasemi. Dakika nzima unaonyeshwa maiti juu ya theluji, kimya, na mtazamaji akikutana na kimya hudhani spika imekufa. Basi Kasuku akafanya wafanyavyo wenzake wote wa kazi ile, palipo kimya akapachika maneno yake. Na kwa kuwa kwenye picha hapakuwa na mwingine, akamsemea maiti. "Nimelala hapa tangu juzi. Nani atakuja kuniulizia?" Wateja wakazipenda maradufu.

Siku moja mwenye duka la filamu akamshika bega akicheka.

"Hiyo ya juzi umenivunja mbavu. Maiti analia, 'Dada Bata, mbona hunitafuti?' Dada Bata! Unayatoa wapi wewe?"

Kasuku alicheka naye, lakini maneno hayo hakuyakumbuka. Alipofika nyumbani akaiweka filamu na kusikiliza. Ilikuwa sauti yake, hata kikohozi chake kidogo kilikuwamo. "Dada Bata, mbona hunitafuti?" Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Hakuwa ameyasema.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Akaketi chini pale pale.

"Nani kakwambia jina hilo?"

Lilikuwa jina la utani ambalo mkewe alipewa na mdogo wake wa kike kwa sababu ya anavyotembea, na hakuna mwingine aliyelitumia. Mdogo huyo alitoka mchana mmoja, miaka tisa iliyopita, kwenda kuchukua gauni kwa fundi cherehani, na hakurudi. Polisi waliandika nusu ukurasa. Ndiyo maana mkewe alizipenda filamu zile kuliko mteja yeyote. "Tazama," alikuwa akisema, "msichana mmoja tu, hata si ndugu yao, na watu wazima hawalali kwa ajili yake." Maneno hayo yalikuwa yakimuuma Kasuku.

Kwa mapenzi akakubali mkewe aingie chumbani siku iliyofuata. Wakawasha mashine ya kurekodi, mkewe akauliza mbele ya kipaza sauti, "Uko wapi, mdogo wangu?" Wakakaa kimya. Waliposikiliza walichorekodi, sauti ya Kasuku ilijibu pale ambapo Kasuku alikuwa amefumba mdomo.

"Baridi," ilisema. "Niulize tena."

Tangu hapo ikawa kila alasiri. Ilimtaja fundi cherehani, mkewe akaenda kumtemea mate mlangoni. Kisha ikasema hapana, si fundi, ni binamu, na undugu wa miaka ukavunjika kwa siku moja. Kila ilipokaribia kumaliza ilikata. "Kesho," ilisema, na mkewe, aliyekwisha acha kazi yake ya kufua na hata kula alikuwa akikumbushwa, alitoka mle macho yakimwaka kama mtu aliyepona. Na chumba, ambacho zamani kilikuwa tanuri, kikawa na baridi iliyoanzia sakafuni ikapanda miguuni na magotini, magodoro yakalowa bila maji kuonekana, ikazuka harufu ya friza lililozimika na nyama ndani, na Kasuku akiwa amekaa hapo, meno yakigongana, jua la saa tisa likiwaka nje na watoto wakicheza mpira nyuma ya ukuta, alihisi kitu kikimtekenya kooni kwa ndani, taratibu, kama mtu anayejaribu funguo moja baada ya nyingine.

Akamleta mganga, mwanamke mnene wa miwani, asiyependa maneno mengi. Alinusa chumba, akasikiliza rekodi moja, akazima.

"Huyu si mdogo wako, mwanangu," alimwambia mke kwa sauti ya chini. "Ni jini. Alikuwa akipita zake, mumeo akampa kazi ya umaiti. Chakula chake ni swali. Acha kumuuliza, atakufa njaa aondoke. Sema tu, 'toka'."

"Bado hajamaliza."

"Hatamaliza!"

"Mama, nimeiuliza serikali miaka tisa, haikunijibu. Huyu ananijibu."

"Anakudanganya."

"Basi anidanganye. Wao hata kunidanganya hawakujisumbua."

Mganga akaanza kufunga mkoba wake. Kasuku alimfuata hadi barabarani akimsihi, hata mkono akamshika.

"Niachie, baba," mganga akasema. "Mimi natoa jini asiyetakiwa. Huyu anatakiwa."

Kasuku aliporudi ndani alimkuta mkewe na vipokea sauti masikioni, analia bila kwikwi. Akavichomoa ili naye asikie. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, tulivu, na kile kikohozi.

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyemuua."

Kasuku hakumuua mtu. Binti yule hata kumwona hakuwahi. Alisema hivyo, akaapa, akapiga magoti kwenye sakafu ya baridi.

"Wakati ule, kabla hujanioa, ulikuwa unakaa mtaa wa pili," mkewe alisema taratibu. "Na jina la Dada Bata ulilijua. Nani alikwambia, kama si yeye?"

"Ni hiyo sauti, mke wangu! Unajua ni hiyo sauti!"

"Sauti ni yako. Na kwenye filamu siku zote muuaji huwa ni yule wa karibu." Akamfuta jasho la baridi usoni kwa kiganja, kwa upole ambao hakuwa ameuonyesha kwa miezi. "Sitakupeleka kokote. Nataka kujua tu. Umemweka wapi?"

Kasuku alifungua kinywa kusema hajui. Mashine ilikuwa imezimwa.

"Chini ya mwembe uliokatwa, nyuma ya shule," kinywa chake kikasema. "Kina chake si kirefu."

Alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mkewe alikwisha inuka, anatafuta kandambili zake.

"Chukua koleo," akamwambia.

Kasuku akalichukua. Alijua hakuna kitu kule, na alijua wakikosa mkewe atauliza tena na kinywa chake kitataja mahali pengine, na pengine, mpaka wazeeke. Lakini njia nzima alitembea mbele, tena kwa haraka, maana naye alikuwa ameanza kutaka kujua.