Alama Nyekundu Chini ya Mnara

Ukungu uliwashukia kabla hawajamaliza kukusanya kondoo, na Mnara wa Amani ukatoweka. Hester alisimama ameduwaa. Wafugaji wa Thornley hawabebi dira. Tangu babu zao waujenge mnara ule kukumbuka vita vilivyokwisha, mtu wa nyika huutafuta kwa macho, akauweka upande wa bega la kushoto, akafika nyumbani. Leo hapakuwa na kushoto wala kulia.

Mara Enoch, shemeji yake, akatumbukia kwenye kinamasi. Hester alimvuta kwa mkanda mpaka akatoka, amelowa chapachapa, mguu umevunjika juu ya kifundo.

"Niache, shemeji. Kalete watu."

"Niende wapi? Hata pua yangu siioni! Ng'ata kola, unyamaze." Akaufunga mguu kwa fimbo na skafu.

Baridi ya Novemba haina mzaha. Enoch alitetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka, na hapo ndipo Hester alipoogopa kwelikweli, maana mwili ukiacha kutetemeka umeshindwa na baridi.

Ikapita alama nyekundu. Ilikuwa mgongoni mwa kondoo jike mzee, aliyepakwa rangi na Enoch mwenyewe asubuhi ile. Meno ya kondoo huyo yalikuwa yamekwisha, na wenye alama hiyo wangepelekwa machinjoni Alhamisi.

"Katoroka tena, mjinga yule," Enoch akanong'ona.

"Wajinga ni sisi. Alizaliwa wapi?"

Enoch alifikiri kwa shida. "Chini ya mnara."

Kondoo wa nyika ile hawana zizi. Upepo ukichacha, kila mmoja hurudi mahali alipofundishwa na mama yake. Hester akambeba shemeji yake mgongoni, akaifuata ile rangi, akianguka na kuinuka, akiita, "Polepole, bibi, tunakuja!" mpaka kiganja chake kikagusa jiwe la kuchongwa.

Ndani ya mnara, kwenye ngazi za mawe, upepo haukufika. Akamwingiza na yule kondoo pia, akamlaza ubavuni mwa Enoch ampe joto. Muda si muda Enoch akaanza kutetemeka tena, na Hester akalia kwa shukrani.

Jioni majirani walifika na taa na mbwa. Hester aliwashika mikono mmoja mmoja, akiwaambia asante.

Walipomwinua Enoch kwenye machela, akafumbua macho. "Nani ana sabuni?"

Walidhani homa imempanda. "Sabuni ya nini, Enoch?"

"Sishuki mpaka huyu bibi aoshwe mgongo."