Kofia Moja, Vichwa Maelfu

Ramadhani ilikuwa ukingoni na Soko la Matrah, Maskati, limefurika mpaka mtu haoni anapokanyaga. Kila mwanamume alitaka kofia mpya ya Idi. Rahila hakufuata kofia. Alifuata uzi mweupe wa mama yake, ule mwembamba ambao duka la Ishaq peke yake ndilo lililouuza, na alikuwa na saumu, amechoka, abaya lake limeshika vumbi pindoni, na kaunta imezibwa na kijana mmoja aliyekuwa akihutubia kama yuko mimbarini.

Kijana alivaa kanzu ya rangi ya maziwa iliyopigwa pasi ikasimama, na kishada cha nyuzi kilichoning'inia shingoni kilinukia udi mpaka nje ya mlango. Alikuwa akimweleza Ishaq kwamba nchi imeingia mwezi uliopita katika Shirika la Biashara la Dunia, milango imefunguliwa, na mwenye duka asiyeagiza mali nje atakaa kufukuza nzi. Watazame Wajapani, alisema. Walijifungia kwao miaka na miaka, zikaja manowari za Kimarekani kuwagongea, wakafungua, na leo nusu ya magari yaliyoegeshwa bandarini hapa ni yao.

Rahila alisomesha historia katika skuli ya wasichana mjini Sib. Angeweza kulipa uzi wake akaenda zake, lakini siku hiyo hakuwa na subira ya mtu anayesimulia hadithi kwa kuruka katikati yake.

"Kaka, baina ya huo mlango na hayo magari ipo miaka mia," alisema. "Waliolala njaa humo katikati mbona huwataji?"

Kijana aligeuka, akamtazama, akatabasamu kwa namna ya mtu aliyezoea kusamehewa. "Haya, mwalimu, nisomeshe."

"Nani kakwambia mimi mwalimu?"

"Ushanigombeza hata jina langu hujalijua."

Ishaq alicheka. Rahila hakucheka, lakini alimsomesha, kibunda cha uzi mkononi, watu wakimsukuma mgongoni. Alimwambia kwamba Japani ya wakati ule dhahabu ilikuwa rahisi kuliko popote ikipimwa kwa madini ya fedha, basi wageni wakaja na fedha, wakabadilisha kwa dhahabu, wakaipeleka Uchina wakaiuza kwa bei mara tatu, wakarudi tena. Serikali ikapunguza dhahabu katika sarafu ili kuziba tundu, na bei ya mchele ikapaa. Wageni wakanunua nyuzi za hariri kwa bei yoyote. Waliofuga viwavi wa hariri wakanenepa, na wafumaji wa Kyoto wakakosa uzi wa kufumia. Halafu zikaja nguo za pamba za Kiingereza, rahisi kama maji, na wanawake waliokuwa wakifuma majumbani wakaweka kazi chini. Hata ushuru wa kuwakinga serikali yao haikuweza kuupandisha, kwa sababu mikataba waliyolazimishwa kutia saini ilikwisha kuufunga.

"Lakini wapo waliotajirika," kijana alisema. Hakuwa mjinga.

"Wapo. Siku zote wapo."

Jina la kijana lilikuwa Jaifar, na duka la jumla lililokuwa kona ya pili lilikuwa la baba yake. Namba ya simu ya Rahila aliipata kwa njia anazozijua yeye na dada yake. Alipiga siku ya Idi Mosi, na neno lake la kwanza halikuwa salamu.

"Mwalimu, leo Japani kuna habari gani?"

Hivyo ndivyo alivyompata. Wanaume wengine walimsifu macho. Huyu alimuuliza kuhusu Kyoto, akanunua kitabu kinachozungumzia mambo hayo, akakisoma kweli, akapiga simu kubishana. Alimwita roho yangu, akamwita balozi wa Japani, akamtania kwamba watoto wao watajifunza kuhesabu kwa bei za hariri. Rahila alikuwa akizungumza huku ameegemea friji jikoni, ncha ya shela mdomoni, mpaka mama yake Masouda akamwambia kama maneno hayo yana mwisho basi na wazee waje wauseme.

Wazee wakaja. Ami Suud, kaka wa marehemu baba yake, akasimama mahali pa baba, posa ikapokelewa, nikaha ikawekwa baada ya Idi ya Hija ya mwaka unaofuata.

Sasa katika nyumba ya akina Rahila ilikuwapo desturi iliyotoka Unguja pamoja na bibi yao. Msichana akiposwa humshonea mchumba wake kofia kwa mkono, maua kuizunguka yote, na kila ua lina tundu dogo katikati lililozungushiwa uzi. Lakini ua moja la nyuma, juu ya kisogo, halitobolewi. Mchumba hupewa kofia hivyo hivyo aiweke, asiivae. Siku ya nikaha huirudisha, na bibi harusi hulitoboa ua lile na kulishona mbele ya wanawake, ndipo kofia ikavaliwa. Rahila alishona maua ya kilua, lile ua la Unguja linalonukia. Kilua chenyewe hajapata kukiona. Mama yake alimchorea kwa penseli kutoka kichwani, sura aliyoondoka nayo Unguja utotoni na asiyompa mtu yeyote, hata wale wanawake wa mtaani Sib waliokuwa wakishona naye na kuuza kofia zao kwa Ishaq. Kazi ilimla Rahila miezi na ilimharibia vidole. Alipompa, Jaifar aliipokea kwa mikono miwili na macho yake yakalowa. Hilo Rahila hakulisahau, na ndilo lililomtia hasira zaidi baadaye.

Jaifar akasafiri Uchina kwa biashara, akarudi na zawadi na hadithi. Mambo yakaendelea. Ukumbi ukalipiwa.

Kisha asubuhi moja, katika soko la Sib, Rahila akainama kuchagua nyanya, na muuzaji akageuka kuchukua mfuko. Kisogoni mwa kofia yake, katikati ya maua ya kilua, palikuwa na ua moja lisilo na tundu.

Kwanza alifikiri Jaifar ameibiwa. Akamuuliza mtu yule kofia ameipata wapi, naye akajibu kwa furaha kwamba zimejaa Matrah, rahisi, chukua upendayo. Rahila akatazama huku na huku. Mchukuzi anayo. Kijana anayepakia barafu kwenye samaki anayo. Mzee aliyekuwa akibishana bei ya jodari anayo, na ua lake limefumba mahali pale pale. Mashine haikujua desturi ya mtu. Ilipewa kofia ikaiga kila kilichokuwamo, hata kile ambacho hakijakwisha.

Alimpigia pale pale, katikati ya harufu ya samaki. Jaifar alipokea kwa bashasha.

"Ushaziona? Nilitaka nikushtue, habibti. Watu wanazigombania. Nusu ya Maskati imevaa mkono wako."

"Mkono wangu umevaliwa na muuza nyanya, Jaifar."

"Si ndiyo fakhari hiyo?"

"Nilikushonea weye. Nilishona mpaka damu ikanitoka, weye ukaipeleka kiwandani Uchina kama kiatu cha kupimia."

Alianza kumweleza habari za soko, na Rahila akamwambia kwamba siku zote zile alidhani anamsomesha mchumba, kumbe alikuwa akimfundisha mchuuzi kazi. Akakata simu, na nyanya akaziacha.

Wiki ile ile Ishaq akarudisha kofia za wanawake wa mtaani, zimefungwa vizuri katika mfuko, pamoja na salamu nyingi. Hakuna mtu atakayelipia kazi ya mwezi mzima, alisema, ilhali kofia inayofanana nayo mtu huinunua kwa bei ya chakula cha mchana. Wanawake wakaja barazani kwa Masouda, wakakaa, wakanywa kahawa, wakamtazama Rahila. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Afadhali wangemlaumu.

Alipokuwa darasani akifika kwenye habari za wafumaji wa Kyoto, aliwaambia wasichana kwa ghadhabu wafungue ukurasa mwingine. Alimchukia Jaifar. Alimchukia zaidi kwa sababu simu ikilia moyo wake ulikuwa bado ukiruka, na ilimbidi auzuie mkono usipokee.

Masouda naye alikasirika, lakini hasira yake ilikuwa na mahesabu. Kadi zimegawiwa, mkoba wa nguo za harusi umepangwa, na mwanawe anaelekea miaka thelathini.

"Mie ndiye niliyechora lile ua, na mie nakwambia," alisema. "Kofia kofia, mume mume. Nnamjua baba yake, nnajua kwao. Muache aje aseme lake."

Akaja, alasiri ya Ijumaa, peke yake, kanzu yake haikupigwa pasi vizuri na uso umemwingia ndani. Masouda alimkaribisha sebuleni, akaacha mlango wazi, akaenda jikoni kutia maji ya kahawa.

Jaifar hakujitetea. Alisema amekosa. Amekwisha kuvunja agizo la pili kule kiwandani, ingawa hafichi kwamba haitosaidia sana, maana wafanyabiashara wengine wameshaiga ile ya kuiga. Kofia zote zilizorudishwa atazinunua yeye. Atafungua upande mzima wa duka kwa kazi ya mkono, na bei ataipanga Masouda, si yeye. Aliyasema haya akiwa ametazama zulia, na Rahila alimjua vya kutosha kujua kwamba anamaanisha.

"Mwalimu, nimefeli," alisema mwishowe. "Skulini kwenu hamna mtihani wa marudio?"

Rahila hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sokoni. Jaifar aliinua macho. Alikuwa ndiye yule yule wa dukani kwa Ishaq, aliyezoea kusamehewa, na wakati ule Rahila alitaka kumsamehe kuliko kitu chochote duniani. Alikwisha kuwaza kwamba wanawake wa mtaani watalizoea lile duka. Alikwisha kuwaza nguo atakayovaa.

"Nambie kitu kimoja tu," alisema, kwa sauti ya upole. "Ulikuwa na simu kule Uchina. Ulinipigia kila siku. Mbona hukuniuliza?"

Jaifar alikuwa ameshatulia. Alitabasamu, akajibu kwa wepesi, kama mtu aliyekwisha kuvuka.

"Roho yangu, ningekuuliza ungekataa."

Jikoni birika lilikuwa likichemka.

"Kumbe ulijua," alisema Rahila.

"Sikusema hivo."

"Ulijua. Nilidhani hukuelewa, Jaifar. Siku zote hizi nnajiambia masikini hakuelewa, nikamtafutia udhuru. Kumbe ulielewa kuliko wanafunzi wangu wote."

"Rahila, mbona unarudi nyuma? Tulikuwa tushapatana."

"Wale wanawake wa Japani walifunguliwa mlango kwa mizinga, hawakuwa na mtu wa kumwambia hapana. Mimi nlikuwa na weye, na weye ulikuwa na namba yangu."

Alijaribu tena. Alisema anampenda, na hilo lilikuwa kweli, na Rahila alimwambia anajua. Alisema duka litabaki pale pale kwa ajili ya mama yake hata kama yeye hamtaki, na Rahila alimwambia hayo azungumze na mama mwenyewe, aulize kwanza, asubiri jawabu. Kisha akasimama, na Jaifar naye ikambidi asimame. Alipofika mlangoni alivaa makubadhi yake akatoka.

Masouda alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia ya vikombe. Alikuwa amesikia yote. Rahila alingoja agombezwe, lakini mama yake aliiweka sinia juu ya meza, akakaa, akajifunika uso kwa mtandio.

Kwa kawaida habari kama ile hupelekwa na wazee kwa wazee, taratibu, kwa maneno ya kuzunguka. Rahila alichukua simu akampigia ami Suud mwenyewe, akamwambia nikaha haipo. Ami Suud alipandisha sauti, kisha akaishusha, akauliza yeye awaambie nini watu wakitaka kujua sababu, maana kijana hakuiba, hakuzini, wala hakulewa.

"Waambie hakuniuliza," alisema Rahila.