Mlinzi wa Ploti ya Mzee Jalal

Wapangaji walisema ni mbwa, lakini hakuna aliyemwona. Waliona kibanda cha mabati kando ya geti na mnyororo uliotoka ndani yake. Harufu iliyotoka humo ilikuwa ya udi na manyoya yaliyolowa.

"Mzee, siku hizi na nyinyi Waislamu mnafuga mbwa?" Chesang alimtania mwenye ploti.

Mzee Jalal hakucheka. "Nani alikwambia ni mbwa?"

Hapo Njoro, karibu na chuo, wezi walikuwa wameingia kila ploti, hata zenye nyaya za umeme ukutani, isipokuwa hii. Lakini laptopu ya Khaemba, mpangaji mmoja, ilipotea mchana, geti likiwa limefungwa. Mwizi alikuwa wa ndani. Mzee Jalal akaamuru kila mpangaji aweke kibandani, kwa mkono wake, nguo yake ambayo haijafuliwa.

"Atautambua mkono wa mwizi," alisema, "kisha atafuata harufu ya nguo aliyoileta. Mwizi akikiri, ataachwa. Asipokiri, mimi siwezi kumzuia."

Chesang alipeleka kitambaa chake cha kichwa, akarudi kwenye chapati zake za kuuza. Becky, aliyeishi naye chumba kimoja, alipeleka nguo baadaye, peke yake. Walitoka Elburgon pamoja. Becky alifika chuo kikuu. Chesang aliacha shule kidato cha pili, na chapati zake ndizo zilizowalisha wote wawili.

Jioni moja ukungu ulishuka kutoka msitu wa Mau na stima ikapotea, pote giza. Chesang alipofungua geti, bakuli la maji kando ya kibanda lilikuwa likitetemeka. Akamulika ndani kwa simu. Palikuwa na sweta ya kijani iliyoraruliwa, na kwenye kola, jina lake, lililoshonwa na mama yake siku alipoingia kidato cha kwanza.

Yeye hakuileta sweta hiyo.

Mnyororo ulikuwa umelala chini, hauna kitu. Alianza kutembea kuelekea chumbani, na nyuma yake kokoto zikaanza kulia taratibu, moja baada ya nyingine, kama zinakanyagwa na mtu mzito anayevuta mguu, naye alipoharakisha nazo zikaharakisha, hata ile harufu ya udi ikamfika shingoni ikiwa na joto la pumzi.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Becky, fungua."

Sauti ndogo ikatoka karibu na tundu la kufuli: "Siwezi, Chesang."

"Laptopu ulichukua wewe?"

"Nilikuwa na shida. Ningekwambia."

"Basi sema. Sema kwa nguvu, kikusikie, kiniache. Becky, tafadhali, kiko hapa."

"Nikisema, chuo watanifukuza. Nimebakisha semista moja tu." Becky alikuwa akilia. "Wewe shule yako iliisha kitambo, Chesang. Huna cha kupoteza."

Kitu kilimwekea Chesang uzito begani, polepole, kama rafiki anayekuja kusimama karibu nawe. Akaliegemeza paji la uso kwenye mlango.

Huko ndani, meza ilisukumwa ikaziba mlango. Kisha Becky akawasha redio ya simu, akaiongeza sauti mpaka mwisho.