Mwiri wa Ngatia

"Mama Watiri, soma hii na sauti," Lynn akaniambia, akinisukumia simu ya marehemu baba yake mezani, karibu aimwage chai yangu.

Nikavaa miwani. Ilikuwa meseji ambayo huyo baba yake, Ngatia, alinitumia siku mbili kabla hajafa:

"Watiri, mwiri wangu ni wako. Lynn asiukate. Ukae hapo hapo Naro Moru."

"Ati mwili yake ni yako," Lynn akasema. "Na hamkuoana."

"Hakuniuliza. Alikuwa na shughuli na ndege."

Na ni ukweli. Miaka kumi na tisa Ngatia alikaa ng'ambo ya ua wangu, akiandika vitabu vya miti na ndege wa mlimani. Mkia wa ndege mmoja aliupa kurasa tatu. Mimi niliyempikia githeri, mahindi na maharagwe kila wiki, hakunipa hata mstari. Nilikuwa nimechoka naye kabisa.

Sasa Lynn alitaka kumzika Nyeri mjini, kati ya watu wakubwa. Na haya magoti yangu yangenifikisha huko lini?

Akaitwa Pasta Munene asome. Naye ni wa kwetu, L na R kwake ni mapacha. Akasema marehemu amekataza kupasuliwa, na mwili amemwachia Watiri wa Naro Moru. Lynn akalia kwa hasira, akakubali.

Mimi nikanywa chai. Nilijua Ngatia alimaanisha mwiri, ule mti mzee wa mpakani ambao watu huchuna gome lake wakatengeneze dawa. Lynn alikuwa anautaka kwa mbao. Lakini nani alinituma nimfundishe pasta kusoma?

Siku ya mazishi kaburi likachimbwa chini ya mwiri wenyewe. Lynn akaja na daftari la baba yake, akasimama kando yangu, akautazama mti mpaka juu.

"Humu ameandika 'mwiri wangu' kila mahali," akaninong'oneza. "Ni mti, sindio?"

"Ni mti."

"Na ulijua."

"Nilijua hata chai haijapoa."

Nikangoja matusi. Yeye akafungua ukurasa wa mwisho, akawasomea watu:

"Chini ya mwiri wangu kuna ndege mmoja ambaye sijawahi kumwandika, kwa sababu naogopa atasoma. Anagomba asubuhi, anagomba jioni, na githeri yake haina chumvi. Siku akinyamaza, nitahama."

Waombolezaji wakainua macho kwenye matawi, wakimtafuta huyo ndege. Pasta Munene naye akatafuta. Lynn peke yake ndiye aliniangalia mimi.

"Sasa huu mti hata nikitaka kuukata nitaanzia wapi," akasema. Halafu, mara hii bila kuongeza jina Watiri: "Mama, wamteremshe?"

Nikauegemea mwiri.

"Wamteremshe," nikasema. "Na chumvi ilikuwa ya kutosha."